Kiganja Juu ya Glasi

Thesaloniki, 10 Februari 2002

Kaka Shalva,

Salamu hizi zikukute karibu na jiko la kuni, umevaa zile soksi za sufu nilizokutumia, sio umezifungia kabatini kama unavyofanya na kila kitu kizuri. Mimi mzima. Bibi Evanthia ninayemtunza naye mzima kwa kadiri ya umri wake: asubuhi ananiita kwa jina la marehemu dada yake, jioni ananiita mwizi, mchana tunapendana. Wifi Mzevinar mwambie dawa yake ya presha anayo Badri, dereva wa basi. Ni ya kumeza yeye peke yake, asije akaigawa kwa mtaa mzima.

Sasa neno lenyewe. Tekla ameniandikia kwamba Vazha amemchumbia. Najua unajua, maana analala chini ya paa lako, lakini nimeruhusiwa kuwa wa mwisho kusikia habari za mwanangu, nimeshazoea. Harusi ni Oktoba, zabibu zikishavunwa. Mimi sitakuja. Sina vibali, nikivuka mpaka kutoka huku siruhusiwi kurudi tena, na unajua ni nani na nani huko wanategemea nibaki.

Mtoto hana baba, na mama yake hatakuwepo. Kwa hiyo nakuomba wewe, mjomba wake, uongoze meza. Tangu baba yetu afe hakuna harusi wala ubatizo hapo kijijini uliokuwa na tamada, msemaji wa kila glasi inayoinuliwa, mwingine ila wewe. Usipokaa wewe, upande wa Vazha wataleta mtu wao kutoka Telavi. Atasema maneno yake, atawasifu watu wake, na Tekla atakaa kwenye harusi yake mwenyewe bila hata mmoja wa damu yake wa kumsemea. Sitaki hilo, nalikataa kwa miguu yote miwili.

Na ile pembe ya baba ya kunywea divai uitoe, uifute vumbi.

Mdogo wako,
Tsisana


Kakheti, 28 Machi 2002

Mdogo wangu Tsisana,

Barua yako ilikwama na Badri kwenye theluji, yeye na basi na abiria, wakala mpaka zawadi walizobebeshwa. Dawa imefika. Mzevinar anaimeza peke yake, ila amempa jirani vidonge viwili, nimekuwa muwazi. Soksi nimevaa. Tumemaliza kupogoa mizabibu, na mgongo wangu unanikumbusha kila tawi. Ng'ombe amezaa. Mbwa ni yule yule, bado hana faida.

Habari ya harusi imetufurahisha. Vazha ni kijana mzuri, anaongea kidogo na kula sana, ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu meza, nimefikiri. Tamada anahitaji sauti na yangu imekwisha, nikisema maneno kumi nakohoa matano. Meno ya mbele yameondoka pia. Nimeona Otar mwalimu angefaa. Anajua mashairi, na anajua kunyamaza, jambo ambalo mimi sikulijua. Upande wa Vazha hawatamdharau.

Pembe ya baba imetafunwa na panya.

Tekla anakusalimu. Anashona kitambaa cha meza, haniruhusu nikitazame.

Kaka yako,
Shalva


Thesaloniki, 9 Mei 2002

Kaka,

Kristo amefufuka! Tulishindana kugonganisha mayai mekundu ya Pasaka mimi na Bibi Evanthia, akanishinda, akafurahi siku nzima. Hapa joto limeanza. Namtumia Tekla viatu vyeupe. Akisema vinabana avivae na soksi akiwa anafagia, vitalegea.

Nimeisoma barua yako kwa wenzangu hapa uani kwa kanisa, tukacheka mpaka papadia, mke wa padri, akatuangalia vibaya. Panya gani huyo wa Kakheti anayetafuna pembe ya fahali? Mtege, mpeleke Tbilisi akaonyeshwe. Na hiyo sauti, Badri anasema ulimfokea kwa sababu ya gunia moja la unga mpaka abiria wakaamka. Meno? Baba aliongoza meza bila hata jino moja na watu walilia.

Badri ameniambia na jingine, kaka. Anasema tangu ule ubatizo wa mjukuu wako hujakaa kichwani pa meza yoyote. Miaka mitatu na kitu. Ukialikwa unakaa mwishoni, karibu na mlango, unaondoka kabla ya matunda. Mimi huku najigamba kwa watu kwamba kaka yangu ndiye Shalva, kumbe Shalva amestaafu na mimi sina habari.

Nisikilize. Kama ni kwa sababu ya Amiran, kwamba mume wangu alitoka kwenye meza uliyoiongoza wewe na gari likaingia mtoni akiwa njiani kurudi nyumbani kwangu, basi sielewi. Uliniambia mwenyewe ilikuwa mvua. Ulisimama mlangoni, kofia mkononi, ukasema, “Mvua, Tsisana. Barabara ilikuwa mvua tupu.” Mvua ndiyo iliyokunyang'anya sauti?

Nijibu hilo, habari za ng'ombe zitasubiri.

Tsisana


Kakheti, 20 Juni 2002

Mdogo wangu,

Kweli amefufuka. Viatu vimefika, vinabana, anafagia navyo. Mvua ya mawe imepiga upande wa juu lakini shamba letu limenusurika. Paa la jiko la nje nimelitengeneza. Mzevinar anauliza kama huko mnapata jibini ya maana au ile laini tu.

Otar amekubali kuongoza. Ameanza kujiandaa.

Kuhusu mvua, sina la kuongeza.

Shalva


Thesaloniki, 18 Julai 2002

Kaka Shalva,

Natumaini hamjambo nyote. Natumaini wifi yangu hajambo, presha yake imetulia, na paa halivuji. Jibini ya maana hakuna, mwambie. Bibi Evanthia alianguka bafuni lakini hakuvunjika. Natumaini mizabibu haijambo. Natumaini na yule mbwa hajambo. Unaona ninavyozunguka? Nimezunguka hivi tangu Amiran azikwe, na wewe umenipokea kila mara, tumezunguka pamoja kama wachezaji wa ngoma.

Basi sasa nakuambia. Najua.

Najua tangu siku ya arobaini yake. Tulitoka makaburini, ninyi wanaume mkakaa, mimi nikaenda jikoni kuosha sahani na Nazibrola, mke wa huyo huyo Otar. Akaniambia huku maji yanatiririka, alidhani nimeshaambiwa. Akasema Amiran alifunika glasi yake kwa kiganja. Akasema, “Shalva, leo nisamehe, naendesha.” Na wewe ukasimama mbele ya meza nzima, pembe ya baba imejaa mkononi mwako, ukasema, “Ndugu zangu, kumbe dada yangu hakuolewa na mwanamume, kaolewa na usukani!” Wakacheka wote. Otar wako naye alicheka. Amiran akatoa kiganja, akapokea pembe, na pembe haiwekwi mezani mpaka ikauke, akaikausha. Halafu ukamjazia ya pili kwa ajili ya mjukuu wako.

Nilirudi mezani na sahani zilizofutwa. Ulikuwa umekaa, ukaniambia tena, “Ile mvua, mdogo wangu.” Nikakukatia mkate.

Meza ile ilikuwa na watu wangapi? Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, maana walicheka. Na mimi nimekaa Ugiriki nikikutumia soksi. Watu wanadhani nilikuja huku kutafuta riziki tu. Nilikuja pia kwa sababu sikuweza kukutazama ukila.

Sikuombi uniombe radhi, sina pa kuiweka. Nataka uniambie wewe, kwa mkono wako. Kisha ndipo uniambie kama utamwongozea Tekla meza au humwongozei. Otar simtaki.

Tsisana


Kakheti, 12 Septemba 2002

Tsisana,

Sisi tuko salama, nawe uwe salama. Nimechelewa. Badri amepita hapa mara mbili na nilimwambia barua haijawa tayari, na ilikuwa kweli, kila nilichoandika kilikuwa hotuba. Mimi ukinipa karatasi nasimama na kuanza kuwasifu wageni.

Uliyoambiwa ni kweli yote. Hata maneno yangu Nazibrola ameyashika vizuri. Mvua ilikuwepo, ilikuwa manyunyu, isingemtelezesha hata bata.

Sasa kuna jambo ambalo hakukuambia, maana hakuliona. Kabla ya kutoa kiganja, Amiran alinitazama. Mzevinar alikuwa mlangoni na sinia akaona. Anasema alinitazama kwa muda, kama mtu anayekusubiri ukumbuke kitu. Mimi sikumwona. Nilikuwa naangalia glasi. Ndivyo nilivyokuwa naongoza, mdogo wangu, miaka yote ile: macho yangu yanapita mezani yanatafuta glasi isiyonywewa, na nikiipata namjia mwenye nayo kwa maneno matamu mpaka aone aibu. Watu walisema Shalva haachi mtu nyuma. Nimejaribu kuukumbuka uso wa Amiran wa siku ile na sina. Nina kiganja tu, na ukucha wake wa dole gumba uliokuwa mweusi kwa nyundo.

Pembe haikuliwa na panya. Iko ndani ya mtungi wa divai uliozikwa ardhini, ule wa pembeni uliopasuka, nimeufunika kwa jiwe na udongo juu. Nilitaka kuivunja nikashindwa, mkono wa baba uko pale.

Nilidhani nikiacha meza nimeacha na tabia. Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Tekla alisema jioni hataki supu, tumbo halimkai vizuri. Nikamwambia, “Hakuna aliyewahi kukataa chakula kwenye nyumba hii akabaki mtu wa nyumba hii.” Nilisema kwa utani. Mzevinar akacheka kidogo, amezoea. Mtoto akachukua kijiko akala mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, na mimi nikamwona anavyomeza. Nikatoka nje nikasimama karibu na ng'ombe. Kumbe sikuacha kitu, nimehamia jikoni tu, na hawa wanawake wawili ndio waliokuwa meza yangu wakati wote huu, huku wananiita mtu aliyebadilika.

Tekla hajui habari za baba yake. Anajua mvua. Kila asubuhi ananimiminia chai na mimi naipokea.

Nitakaa kichwani pa meza, kwa sababu umeniomba wewe. Naogopa, Tsisana. Siogopi kusahau maneno. Naogopa kwamba yatakuja yenyewe.

Shalva


Kakheti, 3 Novemba 2002

Mdogo wangu Tsisana,

Hukujibu. Badri alishusha mafuta ya zeituni na pazia, hakushusha karatasi. Nimekuelewa na naandika hata hivyo, maana ulitaka habari za harusi ziletwe na mtu wa damu yako.

Wote wazima. Mavuno yalikuwa mazuri. Nakutumia nyuzi zilizotungwa kokwa za jozi, Mzevinar amezichovya mwenyewe kwenye uji wa zabibu, usimpe yule bibi, zitamvunja meno.

Alikuwa mzuri. Viatu vilishalegea. Kitambaa cha meza kimeshonwa majani ya mzabibu ukingoni, na mahali palipokuwa pa baba yake ameshona tawi jeupe juu ya jeupe, huwezi kuliona mpaka uweke mkono. Tuliweka kiti pale na mkate na glasi. Pembe ya baba niliichimbua, nikaiosha, nikailaza mbele ya kiti hicho tupu. Hakuna aliyeipokea.

Nilianza na Mungu, na amani, na nchi. Sauti ilikuwepo, tena nzuri, nina aibu kusema ilikuwa nzuri kuliko zamani. Upande wa Telavi wakawa wananong'ona, “Huyu ndiye!” Nikasikia raha, sikufichi. Raha ile ile.

Tulipofika kwenye glasi ya wazazi, baba mdogo wa Vazha, mtu mnene mwenye kicheko, anaitwa Otia, akaweka kiganja juu ya glasi yake.

“Tamada, hii ipite. Nina gari, nimebeba mama na watoto.”

“Aa, Otia, usituharibie!” wakapiga kelele wa kwao. “Tamada, mshike huyo!”

Wote wakanigeukia wakitabasamu, wanasubiri. Na maneno yakaja, Tsisana. Nilikuwa sijayaita. Yalikuja yamekamilika, mapya, ya kuchekesha kuliko yale ya Amiran, na nilijua wangecheka mpaka wapige meza, na Otia angekunywa. Sitakuandikia yalikuwa maneno gani. Nilibaki nimefungua mdomo. Mtu mmoja akasema, “Mzee amesahau.”

Nikamtazama Otia usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho. Alikuwa anatabasamu lakini jicho lake lilikuwa linaniomba.

Nikasema, “Kiganja kile kisiguswe na mtu. Leo kwanza tunainua glasi kwa anayeendesha. Tuinue mpaka afike nyumbani kwake.”

Wachache walicheka wakidhani linakuja jingine. Halikuja. Wakanywa. Otia akanywa maji, jambo ambalo kwetu halijaonekana, hakuna aliyelisema. Nikamwaga divai yangu kidogo juu ya mkate wa marehemu, nikaketi.

Ndipo Tekla akanyanyuka kutoka pale pa bibi harusi, akaja akainama sikioni kwangu na lile shela lake. Watu walidhani anakuja kunibusu. Akaniuliza, “Mjomba, na baba alifunika yake?”

Ningeweza kusema baadaye. Ningeweza kusema mvua. Nikamwambia, “Alifunika.”

“Halafu?”

“Halafu nikamfanya aondoe mkono.”

Akarudi kukaa. Alicheza, alikata mkate, aliwashukuru watu. Walipoondoka alimkumbatia Mzevinar kwa muda mrefu sana, akapanda gari la Vazha, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale karibu na mlango wa gari na hakunitazama. Hajaja tangu siku hiyo. Mzevinar huenda kwao Telavi peke yake na mfuko wa unga, akirudi ananiambia yu mzima, basi.

Meza imekwisha vizuri, wote walifika nyumbani. Nilikuwa naulizia mmoja mmoja mpaka siku ya pili yake.

Umeniomba nimsemee mwanao na nimemnyang'anya mjomba siku ya harusi yake. Sijui kama hivyo ndivyo ulivyotaka. Asubuhi najimiminia chai mwenyewe.

Kaka yako, kama bado,
Shalva


Thesaloniki, 15 Desemba 2002

Kaka Shalva,

Salamu nyingi. Nyuzi za jozi zimefika. Bibi Evanthia alinyonya kipande kimoja jioni nzima akasema ni dhambi kuwa kitamu hivyo. Hapa mvua inanyesha bila kupumzika, mvua ya kweli. Mshukuru wifi yangu. Picha ya harusi niliyotumiwa na Tekla nimeiweka juu ya kitanda changu. Wewe umekatwa pembeni, linaonekana bega tu na mkono wenye glasi. Nalijua bega lako.

Barua yako ya Septemba nilikaa nayo, hii nayo nimekaa nayo. Ulidhani nimenyamaza kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, ilikuwa imenitunza vizuri, ilikuwa inaniamsha asubuhi. Lakini uliandika kwamba Amiran alikutazama kama mtu anayekusubiri ukumbuke kitu. Nilisoma hapo nikashindwa kuendelea, nikaenda kumgeuza bibi ubavu wakati hahitaji kugeuzwa.

Kaka, najua alikuwa anakusubiri ukumbuke nini.

Unakumbuka mwaka mmoja kabla, Pasaka, nyumbani kwako? Alikataa pembe. Alikataa kwa adabu, ukaiacha ipite, lakini ulininunia mpaka mizabibu ikachanua. Hukukanyaga kwangu. Nililia sana mwaka ule, na Amiran ndiye aliyekuwa ananifuta machozi, akisema, “Si pembe tu hii, Tsisana? Wakati mwingine nitainywa, yaishe.”

Asubuhi ya ubatizo mimi nilibaki na Tekla, alikuwa na homa. Nilimpigia pasi Amiran shati la bluu. Akasimama kifua wazi akisubiri, akasema, “Leo sinywi kwa kaka yako. Barabara ile siipendi, na mtoto anaumwa.” Na mimi, pasi mkononi, wala sikunyanyua macho, nikamwambia, “Usije ukaniaibisha mbele ya kaka yangu tena. Akikupa, pokea.”

Akavaa shati likiwa bado la moto. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Kama niliongeza mengine, kwamba apite salama, kwamba afunge geti, siyakumbuki.

Kwa hiyo alipofunika glasi aliwakataa watu wawili, na mmoja hakuwepo pale. Utani wako angeweza kuuvumilia, Shalva. Alikuwa mtu wa kuvumilia utani. Alikutazama akitumaini utakumbuka Pasaka ile na umwachie kwa ajili yangu, na wewe hukumwona, na akabaki na maneno yangu. Akatoa mkono.

Nilipoosha sahani na Nazibrola siku ile na akaniambia ulichofanya, unajua nilihisi nini kwanza? Nilihisi nafuu. Nikasema moyoni, basi ni Shalva. Nikakubebesha wewe yote, nikapanda basi.

Sijui kusamehe kunaanzaje. Siwezi kukuandikia kwamba nimekusamehe, maana kila nikianza najiona nimeshika pasi. Lakini soksi nitaendelea kutuma, na uzivae. Pembe usiirudishe mtunguni. Ining'inize ukutani ikiwa tupu.

Tekla hawezi kuwa na mjomba mmoja mkosaji na mama mmoja mtakatifu aliye mbali. Nimejaribu kumwandikia tangu barua yako ilipofika. Nauliza habari za Vazha, nauliza kama viatu bado vinabana, nauliza habari za unga, na karatasi inajaa kabla sijafika kwenye pasi.

Badri anaondoka kesho. Nachukua karatasi nyingine sasa hivi, ya mwanangu, na hii naanza bila salamu.

Tsisana